Kupandisha Joto Mlima

Mbuzi ndiye hutangulia kufa. Lac Vert, magharibi ya jiji la Goma, kando ya barabara ya Sake, kuna vibonde ambavyo wenyeji hawavikatizi alfajiri wala hawafungi mnyama humo. Mchana havina la kutisha: mawe meusi ya volkano, majani, pengine mgomba mmoja. Usiku upepo ukitulia, hewa nzito hutoka kwenye nyufa za mwamba na kujaa taratibu, haina rangi, na mbuzi, ambaye pua yake iko chini kuliko ya mwenyewe, huanguka kwanza. Mtoto aliyeinama kuokota kuni anaweza kumfuata. Jua likishapanda na upepo ukaanza kuvuma, kibonde hujisafisha, na mgeni akipita hapo saa sita mchana hajui lolote. Mazuku, ndivyo watu wanavyoiita.

Ni kaboni dioksaidi, ile ile tunayoitoa tunapopumua, ila hii inapanda kutoka kwenye magma iliyo chini ya volkano za Virunga. Uzito wake ni mara moja na nusu ya hewa, ndiyo maana hulala mabondeni. Ikifika sehemu moja kwa kumi ya hewa unayovuta, fahamu hupotea ndani ya dakika chache. Watu wa Lac Vert wameishi nayo miaka mingi kwa kujua pa kupita na saa ya kupita. Walioletwa hapo bila kujua ni wakimbizi: wale wa Rwanda waliojazana Mugunga mwaka 1994, kisha Wakongo wenyewe, waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru wakapiga mahema juu ya lava kwa kuwa hapakuwa na ardhi nyingine ya kuwapa. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga. Februari 2025, waasi wa M23 walipokwisha kuutwaa mji wa Goma, kambi zikavunjwa, na watu wakatawanyika tena.

Sura hii inahusu baridi ya theluji, na nimeanzia kwenye mazuku kwa sababu moja tu. Gesi hiyo hiyo, ikifungiwa ndani ya mabomba na kukandamizwa, inachemsha maji ya kuoga katika nyumba za Japani ambako theluji hurundikana hadi madirishani. Sababu mojawapo ya kupewa kazi hiyo ni kwamba mashine zinazotumia gesi nyingine huhangaika baridi inapokaza. Kwa nini zihangaike? Na kwa nini mashine inayohangaika hivyo inanunuliwa kwa mamilioni huko kwenye theluji, ilhali Goma, ambako ingefanya kazi kwa raha mustarehe, karibu hakuna anayeiulizia?

Tuondoe kwanza dhana moja. Mtu akiambiwa kuna mashine inayochota joto nje, katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuliingiza ndani ya nyumba, huona ni mazingaombwe. Joto gani hilo? Lakini sifuri ya kipimajoto ni pale tu maji yanapoganda. Joto lenyewe huisha kabisa kwenye nyuzi 273 chini ya sifuri. Ukianza kuhesabu kutoka huko, hewa ya Goma katika siku ya kawaida, yenye nyuzi 20, iko kwenye 293. Na hewa ya usiku wa Januari kaskazini mwa Marekani, ikiwa 20 chini ya sifuri, iko kwenye 253. Hewa hiyo inayopasua midomo bado ina asilimia 86 ya joto la hewa ya Goma. Joto lipo tele. Tabu iko kwenye kulibeba.

Anayeijua frigo ameshaijua pampu ya joto, kwa kuwa ni mashine moja. Mwenye duka akipeleka mkono nyuma ya frigo yake hukuta pana joto. Joto hilo halikuzaliwa na umeme peke yake. Sehemu kubwa lilikuwa ndani, kwenye chupa za Primus na Fanta, likang'olewa na kutupwa nje. Sasa igeuze frigo: mlango wake uwe wazi uwanjani na mgongo wake uwe sebuleni. Itapoza uwanja na kupasha sebule moto. Uwanja hauwezi kupoa ukaisha, kwa sababu upepo huleta hewa nyingine kila sekunde.

Ndani ya mabomba kuna kitu kinachochemka kwenye baridi. Propane, kwa mfano, iliyomo kwenye mitungi ya kupikia, ikiachwa kwenye hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo, hata penye barafu, hewa huwa na joto la kutosha kuichemsha ndani ya koili iliyo nje ya nyumba. Inapochemka inakunywa joto. Mvuke wake hunyonywa na kompresa, hukandamizwa, na kwa kukandamizwa huwa moto. Mvuke huo moto huingia ndani, hulitoa joto lake nyumbani, hurudi kuwa kimiminika, hupenya kwenye valvu nyembamba inayoshusha shinikizo lake, na kutoka upande wa pili ukiwa baridi tena. Mzunguko unaanza upya.

Ni kazi ya kupandisha. Wanaoteka maji ziwani Kivu na kuyapeleka nyumbani kwa bidoni za lita 20 wanaijua hesabu hii migongoni: maji ni bure, unacholipia ni mlima. Joto la nje nalo ni bure. Kompresa ndiyo mbebaji, na umeme ndio nguvu zake. Baridi ikizidi, mambo mawili humpata mbebaji kwa wakati mmoja: ziwa hushuka mbali zaidi chini, na bidoni yake hupungua ukubwa.

Tuchukue mlima kwanza. Ili hewa iipe gesi joto, gesi lazima iwe baridi kuliko hewa, tuseme kwa nyuzi nane au kumi. Nje kukiwa na nyuzi 8 juu ya sifuri, gesi huchemka kwenye sifuri. Nje kukiwa na 20 chini ya sifuri, lazima ichemke kwenye 30 chini. Upande wa ndani haubadiliki: ili nyumba ipate joto, gesi hupandishwa hadi karibu nyuzi 45. Mlima wa kwanza, basi, ni wa nyuzi 45. Wa pili ni wa nyuzi 75. Mfaransa Sadi Carnot alikuwa akichunguza mashine za mvuke alipoandika, mwaka 1824, mambo ambayo baadaye yaligeuka sheria isiyokwepeka: hata mashine kamili, isiyosuguana popote, ina kikomo. Katika mlima wa kwanza kikomo hicho ni sehemu saba za joto kwa kila sehemu moja ya umeme. Katika wa pili ni sehemu nne na kidogo. Mashine halisi hupata kama nusu ya hapo. Kwa hiyo yule aliyekuwa akipata joto la kilowati tatu na nusu kwa kulipia kilowati moja sasa anapata mbili. Bado ni afadhali kuliko hita ya waya, ambayo kwa kilowati moja inakupa moja tu. Watu husahau hilo wanapoilaumu pampu.

Sasa bidoni. Propane inayochemka kwenye sifuri huwa na shinikizo la bari 4.7, yaani karibu mara tano ya shinikizo la hewa ya pwani, na mita moja ya ujazo ya mvuke wake ina uzito wa kilo kumi. Ikichemkia kwenye 30 chini ya sifuri, shinikizo huanguka hadi bari 1.7, na mita hiyo hiyo ya mvuke haifiki kilo nne. Kompresa haijui habari hizo. Kila mzunguko inameza ujazo ule ule, lakini kilichomo ndani ni theluthi moja na kitu. Injini inanguruma vilevile, mzigo unaofika ndani umepungua.

Tena hicho kidogo lazima kisukumwe hadi shinikizo lile lile la juu, bari 15 hivi. Mwanzo ilikuwa kuzidisha shinikizo mara tatu. Sasa ni mara tisa. Gesi ikikandamizwa kiasi hicho hutoka na moto mkali, mafuta ya kulainisha yakaanza kuharibika, na mashine ya kisasa, yenye kompyuta yake ndogo, huona hatari na kujipunguzia mwendo. Hujiokoa yenyewe wakati mwenye nyumba anatetemeka.

Na nyumba nayo inadai zaidi. Joto hutoroka kupitia kuta na madirisha kwa kadiri ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukitaka nyuzi 20 ndani na nje ni 8, tofauti ni 12. Nje ikiwa 20 chini ya sifuri, tofauti ni 40. Nyumba iliyokuwa ikihitaji joto la kiasi fulani sasa inahitaji zaidi ya mara tatu, saa ile ile ambayo mashine inaleta kidogo kuliko siku zote. Mafundi huchora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa mahitaji unapanda kadiri baridi inavyozidi, mwingine wa uwezo wa mashine unashuka, na mahali inapokatana ndipo pampu peke yake inapoishia. Chini ya hapo ni lazima iwepo hita ya kusaidia, au pampu inunuliwe kubwa tangu mwanzo, na ukubwa ni pesa.

Hilo ndilo kubwa. Lakini kuna adui mwingine ambaye hangoji baridi kali, na mwenye duka wa Goma anamjua kwa sura: ni barafu inayoota kwenye koili.

Frigo za zamani zenye sehemu ya kugandisha juu hujaa barafu kila mlango unapofunguliwa, kwa sababu hewa ya Goma ina unyevu mwingi na unyevu huo huganda kwenye ukuta wa baridi. Barafu ikinenepa huzuia joto kupita. Frigo inakesha ikiunguruma na soda haipoi. Mwenye duka hukosa subira, huchukua kisu cha jikoni na kuanza kubandua. Fundi akija kesho yake, swali lake la kwanza huwa moja.

"Mama, ulitumia kisu?"

"Kidogo tu, Papa Fundi. Barafu ilikuwa imeziba kabisa."

"Basi umetoboa. Gesi yote imeenda."

Kwa makusudi ya sura hii hiyo ndiyo koili ya nje ya pampu ya joto, imekaa kwenye upepo majira yote ya baridi. Na hapa pana jambo ambalo huwashangaza watu: siku mbaya zaidi kwa barafu hii si ile ya baridi kali kabisa. Hewa ya nyuzi sifuri inaweza kubeba karibu gramu 5 za mvuke wa maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya 20 chini ya sifuri inabeba kama gramu moja tu, ni kavu. Kwa hiyo koili huziba haraka zaidi katika siku zile za nyuzi moja au mbili juu ya sifuri, penye ukungu na mvua iliyochanganyika na theluji, siku ambazo watu huziita za wastani. Koili yenyewe iko nyuzi kadhaa chini ya sifuri, ukungu unaigusa na kuganda, na baada ya saa moja hivi feni inasukuma hewa kwenye ukuta mweupe.

Mashine haina kisu. Ina valvu ya kugeuza mkondo, ambayo huifanya ijigeuze kuwa frigo ya sebule: inachota joto ndani ya nyumba na kulipeleka nje kuyeyusha barafu. Kwa dakika kadhaa feni ya nje inasimama, koili inapata moto, maji yanachuruzika, na wingu la mvuke linapanda. Asiyejua hudhani inaungua. Joto lililokuwa limeingizwa kwa tabu linarudishwa nje kwa makusudi, na halirudi.

Wako Wakongo wengi leo wanaoliona wingu hilo dirishani. Mnamo Juni 2019, jiji la Portland katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, liligeuza ukumbi wake wa michezo, uitwao Expo, kuwa makazi ya mamia ya waomba hifadhi, wengi wao Wakongo na Waangola waliokuwa wamepita Amerika ya Kusini na Mexico, sehemu kubwa ya njia kwa miguu na mabasi. Walifika kiangazi. Januari ya Portland wastani wake uko chini ya sifuri mchana na usiku kwa pamoja, na Februari 2023 lilipita wimbi la baridi ambalo kwenye kilele cha Mlima Washington, katika jimbo jirani la New Hampshire, liliishusha baridi inayohisiwa mwilini, upepo ukihesabiwa humo, hadi nyuzi 78 chini ya sifuri.

Maine ni jimbo ambalo nyumba zake hutegemea mafuta ya kupashia moto kuliko jimbo lolote la Marekani. Mwaka 2019 serikali yake chini ya Gavana Janet Mills iliweka lengo la kufunga pampu za joto 100,000 kabla ya 2025 kwisha. Lengo likafikiwa 2023, miaka miwili mapema, wakaweka jingine. Kwa hiyo anayesema pampu za joto hazifanyi kazi penye theluji inabidi awaeleze watu wa Maine. Au wa Norway na Finland, nchi ambazo zinaongoza dunia kwa pampu nyingi kulinganisha na idadi ya watu, na hazina sifa ya kuwa na joto. Zinafanya kazi. Zinafanya kwa gharama inayopanda kadiri kipimajoto kinavyoshuka, na nyumba yenye madirisha yanayovuja huigeuza gharama hiyo kuwa kilio.

Kuna ushauri mmoja kwa ndugu zetu wa huko, na unapingana na malezi. Sisi tumefundishwa kuzima kila kitu tunapotoka. Kwa hita ya waya, sawa. Lakini pampu ya joto iliyozimwa asubuhi ya baridi kali hukuta jioni nyumba imepoa hadi kwenye kuta, na ili kuirudisha haraka huita hita ya msaada, ile ya moja kwa moja. Siku hizo ni bora iachwe ikitambaa polepole mchana kutwa. Pia theluji iondolewe mbele ya mashine ya nje, kwa mkono au ufagio. Koleo la chuma lina tabia za kile kisu cha Goma.

Turudi kwenye gesi. Karne ya kumi na tisa inaisha, meli zilizobeba nyama ya kugandishwa kuvuka bahari zilikuwa zikitumia kaboni dioksaidi, kwa sababu bomba likipasuka haiwaki moto wala haina sumu kali kama amonia, ingawa mtu wa Lac Vert angewaambia mabaharia wasilale chini kabisa ya meli. Kuanzia miaka ya 1930 zikaja gesi za kutengenezwa, zilizoanza na freon, zikaifukuza. Hizo zikaonekana kutoboa tabaka la ozoni, dunia ikakubaliana Montreal mwaka 1987 kuanza kuziacha. Gesi zilizozirithi hazikudhuru ozoni, lakini R410A, iliyojaa kwenye pampu nyingi za joto za Marekani, kilo yake moja ikivuja hupasha dunia moto kama kilo elfu mbili na zaidi za kaboni dioksaidi. Kikao cha kuzipunguza hizo nacho kilifanyika mwendo wa saa chache tu kutoka Goma: ni Kigali, Oktoba 2016, nchi karibu 200 zikatia mkono. Kuanzia Januari 2025 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza au kuingiza nchini mitambo mipya ya nyumbani yenye R410A.

Ndipo wengi wakaikumbuka gesi ya zamani. Mnorway Gustav Lorentzen, profesa huko Trondheim, alikuwa ameshaifufua mwishoni mwa miaka ya 1980, na Wajapani walianza kuiuza kwenye mitambo ya maji moto mwaka 2001 kwa jina la EcoCute. Ubora wake kwenye baridi ni shinikizo. Kwenye 30 chini ya sifuri, propane ilikuwa imebaki na bari 1.7, kaboni dioksaidi ina 14. Nayo hupungua kwa uwiano unaokaribia huo kadiri baridi inavyozidi, sheria haina upendeleo, lakini inaanzia juu sana, mvuke wake umeshiba, na kompresa ndogo inabeba mzigo wa maana. Mabomba lazima yawe imara, maana upande wa moto hufika bari 100 na kupita. Na kabla msomaji wa Goma hajaanza kupiga hesabu za kuuza mazuku: mtambo mmoja wa nyumbani unahitaji kiasi cha kilo moja hivi, na viwanda vinaitoa kama masalio kwa bei ya chini.

Ina dosari yake. Juu ya nyuzi 31 kaboni dioksaidi haigeuki kimiminika hata uikandamize vipi. Hupoa tu kidogo kidogo. Hilo ni zuri sana ukitaka kuchukua maji ya bomba ya baridi na kuyafikisha nyuzi 65 au 90 kwa mkupuo mmoja. Si zuri ukitaka kupasha sakafu, ambako maji hurudi kwenye mashine yakiwa bado vuguvugu na gesi haipati pa kupoea. Ndiyo maana Ulaya, nyumba nyingi mpya zinaelekea kwenye propane, na kaboni dioksaidi inabaki bwana wa maji ya kuoga.

Njia nyingine ya kulishinda tatizo ni kuacha kuchota hewani. Ziwa la mbebaji wetu linashuka kwa sababu hewa inapoa. Maji na ardhi havipoi haraka kama hewa. Ukumbi wa jiji la Zürich ulifungiwa pampu iliyochota joto kwenye mto Limmat mwaka 1938. Drammen, Norway, tangu 2011 inapasha moto majengo mengi ya mji kwa maji ya bahari yaliyo kwenye nyuzi 8 hivi mwaka mzima, hata juu kukiwa na barafu. Hapo mlima haurefuki Januari, na barafu ya koili haipo kabisa.

Watu wa Drammen wangefanyaje wakilipata Ziwa Kivu? Juu lina nyuzi 23 au 24. Chini, kwenye kina cha mita 485, ambako maziwa mengi huwa baridi kuliko juu, lenyewe lina 26, kwa sababu chemchemi za moto hulilisha kutoka ardhini. Maji ya vilindini yamejaa kaboni dioksaidi na methane, si ya kuchezewa, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unaivuna hiyo methane kwa umeme wa megawati 26. Lakini kwa pampu ya joto hakuna haja ya kwenda chini huko. Wala hakuna haja ya ziwa. Hewa ya Goma yenyewe, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hucheza kati ya nyuzi 14 na 26 mwaka mzima.

Hakuna anayehitaji kupasha sebule Lac Vert. Maji ya kuoga, hayo yanahitajika, na ya kufulia hospitalini, na ya kuoshea vyombo hotelini. Yanachemshwa kwa makala, yaani makaa ya kuni, ambayo kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye misitu ya Virunga, au kwa hita ya waya penye umeme. Bidoni moja ya lita 20, kuitoa nyuzi 20 hadi 45, inahitaji nishati ya joto ya uniti 0.58 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Kwa hita ya waya unalipia zote. Kwa jiko la mbabula la kawaida unachoma zaidi ya robo kilo ya makala, kwa kuwa sehemu kubwa ya moto huishia pembeni mwa sufuria. Kwa pampu ya joto, hewa ikiwa nyuzi 20 na mlima ukiwa mfupi, unalipia karibu uniti 0.15. Hoteli inayotumia lita 2,000 za maji ya nyuzi 55 kwa siku ingeshuka kutoka uniti 81 hadi 20 na kitu, kila siku, na Goma umeme wa maji wa Matebe na wa jua wa kampuni ya Nuru unauzwa kwa uniti, mteja anaziona zikiisha.

Kinachozuia ni bei ya kununua mashine, ambayo ni mara kadhaa ya bei ya hita, na umeme unaopanda na kushuka hadi kuua kadi za elektroniki. Ni vizuizi vya kweli, hasa katika mji ambao mtu hajui mwaka kesho utakuwa mikononi mwa nani. Ujuzi si kizuizi. Fundi anayemuuliza Mama habari za kisu ana geji, ana pampu ya kunyonya hewa, ana mtungi wa kuchomelea shaba, na anasikia kwa sikio kompresa inayobeba na isiyobeba. Kuna hata sehemu ambayo angeweza kuiacha kwenye sanduku la vipuri: valvu ya kugeuza mkondo, ile inayoyeyusha barafu. Kwenye hewa ya nyuzi 20 koili huchemkia kwenye nyuzi 10 hivi, na maji yanayojikusanya juu yake hayagandi. Yanadondoka tu, safi, na yanaweza kukingwa kwa ndoo.